Picha Kiporo

Simu ya marehemu mume wangu ililia ndani ya kabati Jumamosi moja baada ya alasiri. Mimi nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka ukumbini, natazama tundu la msumari kwenye bati. Nilikuwa edani. Mjane anayekaa eda katika nyumba kama yetu ya Mgogoni hana safari nyingi: chumbani, ukumbini, jikoni, uani, kisha chumbani tena. Nilivaa nguo isiyo na ua wala nakshi, sikupaka wanja, sikujifukiza udi, na siku zilikuwa zinapita juu yangu kama mawingu yanavyopita juu ya paa, bila kuuliza nani yuko ndani. Kuna wakati nilisikia kinu cha jirani nikadhani ni asubuhi, kumbe jua linazama.

Simu ile sikuwa na moyo wa kuizima. Kila siku niliichaji, nikairudisha katikati ya mashati yake, wala sijui nilikuwa naichajia nini. Lakini mlio ule niliujua. Ulikuwa mlio wa mashindano.

Mume wangu alikuwa fundi simu mjini Wete, na ugonjwa wake ulikuwa picha. Alikuwa na wenzake waliotawanyika kisiwa kizima, wameungana kwenye kundi la simu, hakuna hata mmoja anayelipwa kwa kupiga picha. Msimamizi wao ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anakaa Wete, nyuma ya msikiti. Kila Jumamosi, alasiri ikishaswaliwa, anaandika neno moja tu. Hiyo ndiyo mada. Kuanzia hapo kila mtu anahangaika kivyake kupiga picha moja na kuituma kabla ya adhana ya Magharibi. Muadhini akishatamka, mlango umefungwa. Na picha lazima iwe ya jioni ile ile. Ukijitia ujanja ukaleta ya jana au ya mwaka juzi, mwalimu anakujibu kwa neno moja: Kiporo. Watu wanacheka, na wewe umeshatoka mchezoni. Zawadi ni bando la intaneti, ambalo huisha kabla mshindi hajamaliza kujisifu.

Mlio ule ukilia, mume wangu humshiki. Siku moja tulikuwa uani tunakamua shuka, mimi nimeshika ncha hii na yeye ile. Simu ikalia. Mada ilikuwa "Maji". Akaiachia ncha yake, shuka langu likaenda topeni, naye badala ya kuliokota akaanza kulizunguka akilipiga picha. Akashinda. Nilimnunia mpaka kesho yake, kisha nikamwambia anirushie nusu ya bando.

Mara moja moja walikutana ana kwa ana, Kojani au Chokocho, wakashindana mahali pamoja. Huko nasikia mume wangu alikuwa balaa. Kila mtu akishatega picha yake vizuri, yeye huyo keshapita mbele, kainama, anatafuta pembe yake, hana habari na mtu. Walimlalamikia wakachoka. Aliyelalamika zaidi ni mvuvi mmoja wa kijisiwa cha Kojani, ambaye naye alikuwa na kasoro yake: hakuna Jumamosi asiyochelewa, na hakuna siku aliyokosa sababu, ile ile moja: "Kwetu bado hawajaadhini, yakhe." Mwalimu alikuwa akimjibu kwamba Kojani iko mashariki, jua linawazamia wao kabla yetu, kwa hiyo ana makosa mara mbili.

Basi nikafungua kabati, nikaitoa simu katikati ya mashati. Neno lilikuwa "Safari".

Nilicheka. Tangu msiba ulipoingia nyumbani sikuwa nimecheka, nikashtuka kama niliyevunja sahani. Safari! Mimi ambaye mlango wa mbele nilikuwa nauona kwa ndani tu.

Nikarudi kwenye mkeka wangu nikatazama juu. Lile tundu la msumari lilikuwa likidondosha doa la jua sakafuni, duara dogo, na katika kulala kwangu kule nilikuwa nimeshalizoea. Mchana linaanzia kwenye mguu wa kiti. Alasiri linapanda mkeka. Jua likielekea kuchwa linafika ukutani, linapanda kidogo, linafifia. Kila siku linasafiri ukumbini kwangu, na mimi nimekaa. Pembeni kulikuwa na gunia la karafuu kavu za msimu ule. Nikachota konzi moja. Pale doa lilipo nikaweka karafuu moja, likasogea, nikaweka nyingine, likasogea tena. Sijui nilifanya hivyo kwa muda gani. Nilikuwa kama naota, nipo na sipo, harufu ya karafuu imejaa vidoleni. Nilipoinua kichwa palikuwa na mstari wa karafuu umepinda kwenye mkeka, na mbele yake lile doa la jua, linakwenda zake. Nikapiga picha moja nikaituma.



Nilikuwa sijafikiria kitu kimoja. Nambari ilikuwa ya mtu waliyemzika wao wenyewe. Na si nambari tu. Kioo cha kamera ya simu ile kilikuwa na ufa mwembamba ambao mume wangu, fundi wa simu za watu, hakuutengeneza hata siku moja. Alisema hiyo ndiyo sahihi yake. Kila picha aliyopiga ilikuwa na uzi wa mwanga unaokata pembeni. Na kwenye yangu ulikuwamo. Dada mmoja wa Chokocho, muuguzi, mtu mwenye akili zake timamu, akaandika: "Audhubillahi." Mwingine akaandika Kulhuwallahu nzima. Yule wa Kojani akatoka kwenye kundi mbio.

"Weye mwana, watu wenda kuwatisha nini?" aliniambia mavyaa wangu nilipomweleza. Mama mkwe wangu huyu, mama yake mume wangu, ndiye niliyekuwa nakaa naye. Msiba ulikuwa wake kabla ya kuwa wangu, lakini hata siku moja hakunikumbusha. "Hebu sema nao. Wasije wakaita mtu wa kusoma, bure."

Nikabonyeza nikarekodi sauti. "Assalaam alaykum. Ni mie, mkewe. Niko edani, sina pa kwenda. Mada imekuja nami nimeijibu. Mkiona nimekosea mnisamehe."

Zikamiminika salamu na dua, wengine wakiomba radhi kwa kuniogopa, na yule wa Kojani akarudishwa kundini. Mwalimu alikuja mwisho. Hakunipa pole, alikuwa ameshanipa matangani. Aliandika: "Picha imeingia kabla ya adhana. Imepokewa." Sijui kwa nini maneno makavu yale ndiyo yaliyoniliza.

Mavyaa alikuwa na wasiwasi kidogo kama mambo haya yanafaa, akamuuliza Bi mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa akija kusoma nasi. Bi mwalimu akaitazama ile picha ya karafuu, akaigeuza simu huku na huku. Akasema ninachotakiwa ni kukaa nyumbani mwangu na kuacha mapambo, na hakuna aliyeniamuru nifumbe macho. Mavyaa akaridhika. Tangu siku hiyo ikawa yeye ndiye anayeniuliza, hata Jumamosi haijafika, "Watakupa neno gani safari hii?"

Jumamosi zikaanza kuwa na umbo, na siku nyingine nazo zikapata pa kuelekea. Ilipokuja "Bahari", nilikamua nazi nikaliacha tui litulie kwenye bakuli, povu likajikusanya ukingoni jeupe, linakuja na kurudi kila nikiligusa bakuli kwa kidole. Ilipokuja "Umati", mavyaa alikuwa kapakata ungo anachambua dagaa. Nikamwambia, Mama, usitikisike. Nikainama juu ya ungo. Dagaa wote walikuwa wamekodoa, kila mmoja na jicho lake, mfano wa watu waliosubiri kulipwa wakaambiwa waje kesho. Nilishinda. Bando liliingia kwenye simu ya marehemu, nami nikalitumia kumsikilizisha mavyaa kisomo.

Nilianza kuiona nyumba yangu upya. Mvuke wa birika ukipita kwenye jua. Nyayo za maji za mavyaa kutoka kisimani, zikikauka moja moja mpaka inabaki ya mwisho. Nilikuwa natembea polepole, simu mkononi, na kuna nyakati nilihisi kabisa kwamba nikigeuka nitamkuta yeye nyuma yangu, anasubiri nimpishe apige.

Hapo ndipo nilipoanza kumtafuta.

Niliifungua simu yake nikapitia picha zote, tangu mwanzo. Zilikuwamo nyingi mno, hazina mwisho: milango, mvua, miguu ya ng'ombe, majani ya mgomba, shuka langu topeni, mimi nikiwa nimekasirika, mimi nikiwa nimelala, mama yake akipepeta mchele. Yeye hakuwamo. Hata moja. Alikuwa na msemo wake kwamba mpiga picha hapigwi, nami niliuona wa kuchekesha. Picha za harusi yetu ziliharibika masika moja bati lilipovujia sanduku. Ziligandana zikawa kitu kimoja kizito. Kilichobaki ni kitambulisho, na mtu wa kwenye kitambulisho kile mimi simjui. Kakaza shingo, midomo kaibana. Mume wangu uso wake ulikuwa wa kucheka. Kicheko kilianzia jicho la kushoto, kikashuka shavuni, ndipo kikafika mdomoni, na mdomo ulikuwa wa mwisho kupata habari.

Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kuisahau sura ile. Ilikuwa imeshaanza kuniponyoka. Alfajiri, kabla sijafungua macho, nilikuwa nampata mzima. Nikifungua, jicho lipo lakini shavu limekwenda. Na mavyaa naye ilikuwa hivyo hivyo, maana jioni moja, anafunga kilemba chake, aliniuliza pasipo kunitazama, "Haimo hata moja, mwanangu?"

"Haimo, Mama."

"Hata ya upande?"

"Hata ya upande."

Akatikisa kichwa akaendelea kufunga kilemba, akakifunga akakifungua mara nyingi.

Jumamosi iliyofuata mada ikaja: "Uso".

Nilikaa na simu mkononi mpaka doa la jua likafika ukutani. Nilimwomba mavyaa nimpige yeye, akaufunika uso wake kwa mtandio. "Uso huu wa kilio ukamwonyeshe nani?" Nilikasirika. Namkasirikia nani, sijui. Mwalimu kwa neno lake, mume wangu kwa msemo wake, kioo kwa ufa wake. Adhana ilipokaribia nikarekodi sauti tena, na safari hii ilitoka kali kuliko nilivyotaka. "Leo mimi sina picha. Uso nilioutaka ni mmoja, na simu hii haina. Kapiga kila kitu cha kisiwa hiki, na hapana mtu aliyempiga yeye."

Usiku ule nikajilaumu kwamba nimewaharibia mchezo wao, nikaamua nitaizima simu na kuirudisha kwenye mashati.

Sikuizima. Wiki ikapita, mvua ikanyesha, mavyaa na mimi tukaanua nguo tukaanika tena. Na Jumamosi, baada ya alasiri, ule mlio.

Neno lilikuwa "Kiporo".

Nilidhani mwalimu kakosea. Kisha chini yake akaongeza, mtu ambaye hakuwa na desturi ya kuongeza: "Leo picha mpya haipokewi. Kila mmoja atafute zile alizoharibiwa na mwenzetu. Mwisho ni adhana, kama kawaida."

Nikamwita mavyaa. Akaja mikono ina unga, akakaa karibu yangu kwenye mkeka mpaka magoti yetu yakagusana.

Ya kwanza ilitoka kwa dada wa Chokocho. Alikuwa amepiga mlango wa zamani wenye nakshi, na mbele ya mlango, kaziba nusu yake, mgongo wa mume wangu, shati limetoka suruali upande mmoja. "Nilitaka kuifuta siku ile ile," aliandika. "Sijui nilisahau vipi." Ikaja nyingine: kiwiko chake na sikio. Nyingine: kisigino, na ndala iliyoshonwa kwa waya, ambayo mimi nilimkataza asitoke nayo. Mwalimu mwenyewe alileta picha ya mpapai uliosimama vizuri sana, na kichwa cha mtu kinachomea ubavuni mwake kama papai la ziada. Kisogo kile ningekijua popote. Nilikuwa nacheka, machozi yananidondoka, mavyaa kanishika mkono kwa unga wake. Mume wangu alikuwa anarudi nyumbani vipande vipande, kama zilivyokuwa zikimfikia simu za watu kwenye kibanda chake.

Lakini uso haukuwamo. Zote zilikuwa migongo na visogo, maana yeye siku zote alikuwa anatazama kitu kingine. Jua likazidi kushuka. Doa likapanda ukutani. Picha zikapungua, zikakatika.

Yule wa Kojani alikuwa hajaleta kitu. Kisha ukaja ujumbe wake, umeandikwa kwa haraka, herufi zimekosana: "Nisubirini. Iko kwenye simu ya zamani, nilimpa dada yangu huku ng'ambo. Ndio kwanza nashuka kwenye boti, natembea."

Mavyaa akauliza, "Kasema nini?" Nikamsomea. Akaniuliza tena, nikamsomea tena. Tulikaa tukatazama kioo cha simu kikizima, nikakigusa kikawaka, kikazima, nikakigusa.

Muadhini wetu akaanza. Sauti ilipita juu ya ukuta wa ua ikaingia mpaka tulipo. Nikaigeuza simu kifudifudi kwenye mkeka nikaitikia adhana, maana ndilo lililokuwa limebaki la kufanya.

Simu ikalia. Alikuwa mwalimu, yule anayekaa nyuma ya msikiti, ambaye adhana humwingilia dirishani. Aliandika: "Kwetu bado hawajaadhini."

Hakuna aliyecheka. Dada wa Chokocho akaandika, "Na kwetu bado." Mmoja wa Wete akaandika vivyo hivyo. Kisiwa kizima kilikuwa kinaadhini, nasikia msikiti wa jirani na wa mbali, nao wakawa wanaandika mmoja baada ya mwingine kwamba bado, bado, kwetu bado.

Kisha ikaingia picha.

Ilikuwa Kojani, nyavu zimeanikwa. Mwenye picha alieleza baadaye kwamba siku ile alisubiri muda mrefu ndege atue juu ya wavu, na ndege alipotua, mume wangu akaibuka kutoka chini ya nyavu mbele yake. Ndege alikuwa ameshaondoka, umebaki ukungu wa bawa pembeni. Na katikati, mkubwa, karibu, kageuka aombe radhi, mume wangu anacheka. Jicho la kushoto limeshaanza. Shavu limepokea. Mdomo ndio kwanza unapata habari. Hakukuwa na ule uzi wa mwanga pembeni, na kwa mara ya kwanza nikamwona kwa jicho la mtu mwingine, naye alikuwa yule yule.

Nilimpa mavyaa simu. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Hakulia. Alikunja uso kama anavyoukunja akimwona mtoto anatoka hovyo kwenda kwa watu.

"Kofia yake i upande," alisema.

Akapeleka kidole chake chenye unga kwenye kioo, polepole, amnyooshee kofia. Picha ikateleza. Pakatokea ile ya mpapai.

"Kenda wapi?" Sauti yake ilipanda, sikuwahi kuisikia hivyo hata siku ya maziko. "Mwanangu, kenda wapi? Mie nimemfanya nini?"

"Yupo, Mama. Hajenda popote." Nikamshika kidole chake, nikakiweka juu ya kioo, nikakivuta kurudi upande wa pili. Mume wangu akarudi, kofia upande, anacheka.

Mavyaa akashusha pumzi. Alimtazama muda. Kisha, bila kunitaka nimsaidie, akakisogeza kidole mwenyewe, mwanawe akaondoka. Akakirudisha, mwanawe akaja. Akafanya tena. Giza lilikuwa limeingia ukumbini, tumechelewa kuswali sote wawili, na mimi sikumharakisha.